Ukucha wa Nasike

Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, ila huu unaosemwa na wahenga una mwenyewe, naye yuko safarini. Mwenye akili huutazama ukipita, kisha akaketi pake. Methali hii wengi tuliikariri darasani, tukaiandikia insha na kupata alama nzuri, na bado mikeka yetu tunaitupa kila siku. Hata Nasike aliijua.

Nasike alikuwa msusi wa Kibera katika miaka ya tisini. Mumewe alirudi Bungoma, akaoa mke mwingine, asimtumie hata salamu. Mtoto hakujaliwa. Siku za wiki alikaa peke yake akisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta wa mabati. Jirani wakicheka, naye alicheka, ingawa hakuna aliyejua kwamba upande wa pili kuna mtu anayecheka. Upweke ulimla ndani kwa ndani kama mchwa.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yake. Wanawake walikuja mlangoni pake, wakaketi mkekani kati ya magoti yake, wakamwaga ya moyoni. Alijua ya wote, na kwa saa chache alikuwa mtu wa watu.

Siri ya kazi yake ilikuwa mkononi. Kucha zote alizikata fupi zisimkwaruze mtu, isipokuwa ukucha wa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Huo aliufuga, akauchonga kwa tupa ndogo na kuupaka mafuta. Ndio aliotumia kupasulia njia kichwani, na njia zake zilinyooka kama uzi wa mwashi. Wenzake walitumia kitana. Yeye alisema kitana hakisikii maumivu ya mtu.

Siku moja jirani yake Sella, aliyeuza mboga, alimjia na habari njema. Binti yake Hope angeolewa na Boaz wa Kawangware.

"Nasike, baba ya Hope hana dada huku Nairobi," Sella alisema. "Wewe ndio senge yake. Utamsuka Ijumaa, na Jumamosi utamshika mkono mwingie kanisani."

Senge ni shangazi, na kwa akina Sella mkono uliomsuka bibi harusi ndio unaomwingiza kanisani. Nasike alilia kwa furaha. Alikuwa hajaitwa wa mtu tangu mumewe aondoke. Lakini Sella alipotoka tu, aliitazama mikono yake akaionea aibu. Mashangazi wa Kawangware wangesemaje? Na picha je? Mkono huo ungebaki ukutani kwa watu miaka na miaka!

Basi siku ya Alhamisi alifunga safari hadi saluni ya Marion, Kawangware.

"Sasa mathe, karibu," Marion alimlaki, akamwonyesha aina za kucha. "Hizi fupi, zimesafishwa na kupakwa rangi isiyoonekana, ni za mtu wa kazi ya mikono. Hizi za mviringo ni za watu wa ofisi. Halafu kuna hizi ndefu za kubandika. Lakini niambie kwanza, unafanya kazi gani? Kucha zinachaguliwa na kazi."

Nasike aliwatupia jicho wanawake waliokuwa wakisubiri zamu, viatu vyao vikimetameta. Ulimi ukateleza.

"Niko na duka la nguo. Wasichana ndio wananiuzia."

"Ah, basi hizi ndefu zitakutoa, upendeze. Ila nitakata huu mmoja, zilingane. Sawa?"

Moyo ulimwambia akatae.

"Kata," akasema.

Alirudi Kibera na kucha kumi nyekundu zilizoshikwa kwa gundi, akitembea mikono mbele kama aliyebeba uji wa moto. Usiniulize alivyofunga vifungo vya blauzi asubuhi yake.

Ijumaa mchana Hope aliketi mkekani. "Wah, senge! Umependeza kweli!"

Nasike akaanza. Kidole cha mwisho kilitafuta njia kichwani kisiione, kwani ule ukucha bandia ulikuwa butu na mnene. Njia ikaenda upande kama ya mlevi. Nywele zilimteleza vidoleni, akafumua, akarudia, akafumua tena. Ukucha mmoja ukabanduka na kunasa nywelani. Alipouvuta, mwingine ukamchana Hope nyuma ya sikio.

"Senge, unaniumiza!"

Sella aliona damu, akaitazama mistari iliyopinda. Wageni wa Boaz walikuwa waje jioni hiyo kumwona bibi harusi.

"Nasike, leo una nini? Hebu nimwite Wakarima. Usikasirike, dada yangu. Harusi ni kesho."

Wakarima, msusi mwingine wa mtaa huo, alikuja na kitana chake. Kesho yake Wakarima ndiye aliyemshika Hope mkono wakaingia kanisani. Nasike aliketi nyuma, mikono ameificha chini ya leso. Mgeni mmoja wa Kawangware aliyeketi naye alimwuliza kwa upole, "Na wewe ni nani wa bibi harusi?"

"Jirani," alijibu. Neno hilo lilimchoma kuliko yote.

Jumatatu alirudi kwa Marion kutolewa zile kucha, akaungama kazi yake. Marion aliduwaa.

"Mathe, si ungeniambia wewe ni msusi? Huo mmoja nisingeugusa. Ningeusafisha, nizipake zote rangi nyepesi, ungependeza na ungesuka."

Jumamosi iliyofuata Nasike alitandika mkeka mlangoni mapema kama desturi. Sella alipita upande wa pili, akampungia mkono, akaendelea kwa Wakarima. Wengine nao walifuata njia hiyo hiyo. Nyuma ya mabati, redio ilisema jambo na jirani wakacheka. Safari hii Nasike hakucheka nao. Alikiinua kidole cha mwisho, akakipapasa kwa dole gumba kuona kama ukucha umeanza kuchomoza, kisha akaukunja mkeka wake mtupu na kuurudisha ndani. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.