Chura Aliyepewa Jina la Mfumwa

Hebu nijibuni: chura mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwomba ushauri, amelipataje jina la mtawala?

Zamani, kabla mashamba hayajaanza kuula mlima wa Kwamvuo, hapakuwa na kiumbe aliyeitwa kwa jina la mtu. Kila mmoja aliitwa kwa mwenendo wake: Mla-Umande, Mzika-Mayai, Mchelewa-Kulala. Aliyetoa majina hayo alikuwa mwanamke mmoja, Namkunda, na kazi yake ilikuwa na mwiko mmoja tu. Akikuta kiumbe mgeni, alikaa mbele yake siku saba, kimya, mpaka kiumbe mwenyewe amwoneshe jina lake. Mtoa majina aliyezua jina alifukuzwa mlimani, na hata ndugu zake hawakuruhusiwa kumzika.

Mwaka mmoja Mfumwa Senzighe, mtawala wa mlima ule, aliamuru Korongo la Ukungu lichomwe moto apate kupanda migomba. Namkunda alikuwa humo humo korongoni, siku ya saba, mbele ya chura wa rangi ya dhahabu asiyewahi kuonwa na mtu. Alipopanda kurudi kijijini alikuta mapanga yamekwisha kunolewa. Akaenda moja kwa moja barazani.

"Mfumwa, nimemwona chura mgeni," alisema bila kupepesa macho. "Amejitaja. Anaitwa Senzighe."

Wazee wa baraza wakageukiana. Kila mtu alijua maana yake. Kwamvuo, mwenye jina lako ni somo yako: humpigi, humtukani, na nyumba yake huitii moto hata akuudhi vipi.

"Chura?" alifoka mzee Mchome, mshauri mkuu. "Mfumwa mzima, somo yake chura? Hata kima amekosekana, jamani?"

"Wewe Mchome, kuna kiumbe aliyewahi kujiita kwa jina lako?" Mfumwa alimjibu, na uso wake ulikuwa umeshaanza kulainika, maana wakubwa hawana ubavu wa kulikataa jina lao popote wanapolikuta. "Nitakwenda kumsalimu."

Akashuka korongoni na ngoma mbele, na mkononi shuka la zawadi linalomtosha mtu mzima. Namkunda alitangulia. Mchome alicheka njia nzima.

Kicheko kilikatika walipofika. Juu ya jani lililolowa alikaa yule chura, anang'aa kama kaa la moto ndani ya ukungu. Ubavu wake ukatikisika, kisha akazaa. Hakutaga mayai kama vyura wengine. Alizaa vyura, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mdogo kama punje ya ulezi, macho wazi, miguu minne kamili, wasiopita majini wala kwenye ukiluwiluwi. Punje moja ilirukia kidole cha Mfumwa, ikatulia hapo ikipumua.

Ngoma zilikuwa zimenyamaza zenyewe. Mfumwa Senzighe, ambaye watu humpigia magoti, alipiga magoti matopeni, na lile shuka likamponyoka. Alikaa hivyo mpaka miguu ikamfa ganzi. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni kweli huyu aliniita mimi?"

Namkunda angeweza kuitikia tu. Korongo lilikwisha kupona. Lakini alikuwa amekaa siku saba mbele ya kiumbe asiyejua kujifanya, na hakuweza kuurudia uongo wake mbele yake.

Na tangu siku hiyo Korongo la Ukungu halijaguswa na panga, chura yule angali anaitwa Senzighe, na Namkunda alizikwa kulekule mlimani, uzeeni, na ndugu zake. Na yeyote anayetaka kumpa kiumbe jina la mkubwa husimama kwanza mbele ya watu wote na kukiri nia yake, kwa maneno yale yale aliyoyatamka Namkunda matopeni:

"Hakukuita, Mfumwa. Huyu hana habari nawe. Jina nilimpachika mimi, kwa sababu nilijua hutamwonea huruma mpaka umwone ni wewe."