Namba Isiyo na Jina

Nipeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nimeisimulia mpaka imeacha kuniuma, kwa hiyo msitegemee nilie.

Palikuwa na hospitali milimani, na watu watatu wenye vipaji vyao. Lusajo, fundi wa kompyuta wa hospitali, alijua kuifanya mashine ijibu kila inachoulizwa. Atuganile wa maabara alijua kusumbua watu mpaka wamjibu. Nsajigwa, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya intaneti mjini, alijua kupata njia pale wengine wanaposema haiwezekani.

Hospitali ilikodi kwa kampuni hiyo namba chache za mtandao, fungu dogo lililokatwa kwenye fungu kubwa. Majibu ya damu yalitoka kwenye namba hizo kwa barua pepe kwenda hospitali ya rufaa, na daktari bingwa wa huko ndiye aliyesema mgonjwa apewe dawa gani. Bi Tusekile alilala wodini akingoja dawa yake itajwe. Jibu halikuja. Sisi wa hospitali tulisema daktari bingwa ana kazi nyingi, tukaendelea na yetu.

Atuganile hakuendelea. Alipiga simu rufaa, akakatiwa, akapiga tena, mpaka akampata fundi wa barua pepe wa huko.

"Dada, barua zenu tunazitupa," fundi alisema. "Mashine yetu ikiuliza namba yenu ni ya nani, hakuna anayejibu. Barua isiyo na mwenyewe hatupokei."

Bila yeye, tungekuwa bado tunamlaumu daktari.

Lusajo aliposikia hayo alipandwa na hasira. "Majina yote nimeyaandika kwenye seva yangu! Nikiiuliza, inajibu!"

Kweli ilimjibu, ila aliyekuwa akiiuliza ni yeye peke yake. Dunia ikitaka jina la namba humwuliza mwenye fungu kubwa, yaani kampuni, na kampuni haikuwa imemwelekeza mtu yeyote kwa Lusajo. Hata hivyo majina yake yalikuwa sahihi, na seva yake haikuzimika hata mara moja. Bila yeye, watu wangeelekezwa kwetu na wasikute wa kuwajibu.

Nsajigwa akapigiwa simu. Akaomba kampuni iwaelekeze watu kwa Lusajo, bosi wake akakataa katakata. "Fungu hilo lina wateja wengine. Siwezi kuwakabidhi hao wa milimani."

"Hatuwakabidhi fungu, bosi," Nsajigwa alisema. "Tunaweka kibao kwenye kila namba yao: ukitaka jina, kaulize hospitalini."

Akaviweka vibao, kimoja kimoja. Bila yeye, seva ya Lusajo ingeendelea kuongea na Lusajo.

Barua zikapita. Jibu la Bi Tusekile lilikuja siku hiyo hiyo, dawa ikatajwa, na dawa yenyewe ilikuwepo stoo. Bi Tusekile alikuwa amezikwa Jumamosi.

Mganga mfawidhi akatuita. Namba moja ilikuwa imebaki, ya mashine mpya itakayotuma majibu ya wodi ya watoto. "Tutaipa jina la aliyetufungulia njia," alisema. "Popote duniani wakiuliza namba hii ni ya nani, watajibiwa jina lake."

"Nani aligundua?" Atuganile akauliza.

"Na nani anajibu?" akasema Lusajo.

"Nani aliwaelekeza?" Nsajigwa akasikika kwenye simu.

Subilaga, binti wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kuchukua blanketi la mama yake. "Kwani dada Atuganile," aliuliza taratibu, "zile simu ulikuwa unapiga kwa ajili ya nani?"

Akakunja blanketi, akaondoka.

Mashine mpya imeshafungwa na kuwashwa. Majibu ya watoto yamo ndani, yanangoja jina, maana yakitumwa hivi hivi rufaa watayatupa. Mama mmoja amekaa nje ya wodi tangu asubuhi, na anadhani daktari bingwa ana kazi nyingi. Je, wewe ungeiita namba hiyo kwa jina la nani?