Mbao Saba za Bibi Subilaga

Kila ubao na sifuri yake. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyewaambia hivyo waimbaji waliokuwa wakimcheka Lusajo, kijana aliyeshindwa mara nne kuianza sauti yake pale wenzake walipoianzia. Mazoezi yalipokwisha, mvua ya Tukuyu ilikuwa bado inamwagika na hakuna aliyethubutu kutoka ukumbini. Lusajo na dada yake wakamsogelea Mzee Angolile, mpiga kinanda, wakamuuliza ubao una sifuri gani.

"Kaeni," mzee akasema. "Msemo huo hatukuachiwa na mababu. Umezaliwa hapa hapa mjini, nyuma ya stendi, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi."

Alikuwapo mama mmoja kijana, Ikupa, tukimwita Mama Lugano. Alisomea mjini Mbeya kuchonga vibao kwa mashine ya CNC, ile inayofuata maagizo ya kompyuta, kisha akarudi na mashine yake. Ilikuwa moja tu Tukuyu nzima. Ukitaka kibao cha duka au cha mlango wa nyumba, unamwandikia maneno, yeye anayapanga kwenye kompyuta, anafunga mbao mezani, na kisu kinazunguka chenyewe hadi herufi zitokeze.

Lakini mashine ile haina macho. Lazima kwanza ionyeshwe sifuri, yaani mahali uso wa mbao unapoanzia. Ikupa aliweka kipande cha karatasi juu ya mbao, akakishusha kisu polepole mpaka kikaigusa karatasi, halafu akabonyeza kuiambia mashine: hapa ndipo sifuri, anza kuhesabu kina. Chuoni walichonga mbao za kiwandani, zilizolingana kama sahani za seti moja. Walionyesha sifuri asubuhi, wakachonga mpaka jioni.

Siku moja Bibi Subilaga alimletea mbao saba. Zilitoka kwenye mti wa mkangazi alioupanda marehemu mumewe, mzee Mwakibinga, na wapasuaji wawili waliupasua kwa msumeno wa mkono pale pale shambani.

"Nina watoto saba," bibi alisema. "Jumamosi tunamaliza mwaka wa baba yao. Kila mmoja arudi kwake na kibao chenye jina la ukoo na jina lake. Mti umekwisha, mwanangu. Ubao wa nane haupo."

"Usiwe na wasiwasi, bibi. Mashine haichoki wala haikosei."

Ubao wa kwanza, wa Asegelile, ulitoka vizuri hata Ikupa akaupapasa kwa kiganja kama anayempapasa mtoto aliyelala. Akafunga wa pili, wa Bupe, akabonyeza. Kisu kilizunguka mwendo ule ule na kwa maagizo yale yale, jina tu ndilo lililobadilika. Kilipomaliza, herufi zilikuwa nyembamba kama mikwaruzo ya kuku. Ikupa akatazama kompyuta: kina ni kile kile. Akatazama kisu: bado kikali. Akashindwa kuelewa.

Akafunga wa tatu, wa Tumpe. Safari hii kisu kiliuma mbao kwa kishindo. Herufi zilinenepa hadi zikagusana, na kila kilipovuka kutoka herufi moja kwenda nyingine kiliacha mfereji. Ikupa akakipiga kitufe chekundu. Nusu ya ubao ilikuwa imekwisha kuharibika.

Akakaa chini juu ya maranda. Mashine moja, kisu kimoja, kina kimoja. Wa kwanza mzuri, wa pili haujachongwa vya kutosha, wa tatu umechongwa kupita kiasi. Kama ingekuwa mbovu, si ingeharibu yote? Na kama ni nzima, hii nini?

Gwamaka, seremala wa kibanda cha jirani, akachungulia. "Ni umeme huo, shemeji. Unapanda, unashuka."

"Umeme ukishuka mashine inazima. Haipunguzi kina."

"Basi mti wenyewe. Mzee Mwakibinga alikuwa mgumu akiwa hai, sembuse sasa." Akacheka peke yake, akarudi kwenye randa lake.

Ikupa hakucheka. Alibadilisha kisu. Akazima mashine, akaiwasha. Akasogeza ubao wa nne, akaurudisha. Mkono ulikataa kubonyeza. Zilibaki nne ambazo hazijaguswa, na alikuwa hajui kitu gani kingeziharibu.

Kesho yake asubuhi alimwita Bibi Subilaga na kumwonyesha, bila kuficha.

"Bibi, nimekuharibia. Na sijui nilichokosea."

Bibi alichuchumaa, akazisimamisha mbao zake ukutani, akazipitisha moja moja katikati ya vidole viwili.

"Huu waliupasua asubuhi, mikono bado ina nguvu," akasema. "Huu walikuwa wameshachoka, ona ulivyokondeana. Na huu wa Tumpe ni mnene, msumeno ulikwenda upande. Wewe ulipima upi?"

"Wa kwanza."

"Na hizi nyingine?"

Ikupa akatikisa kichwa.

"Nina watoto saba, Mama Lugano. Ningempima Asegelile peke yake, nikashona mashati saba?"

"Chuoni tulikuwa tunapima moja tu," Ikupa akajibu taratibu, na huku akijibu, fundo likaanza kufunguka. Mashine ilianza kuhesabu kutoka uso wa ubao wa kwanza. Kwa ubao mwembamba, ilihesabu hewani kabla ya kuifikia mbao. Kwa ule mnene, ilipoanza kuhesabu ilikuwa tayari imezama ndani. "Ilikuwa inawachonga wote kama Asegelile," akasema.

Akachukua karatasi. Akaurudisha ubao wa Bupe mezani, pale pale ulipokuwa, akaushushia kisu hadi kikagusa, akabonyeza. Herufi zikashuka hadi kina kilichotakiwa. Ubao wa nne, wa tano, wa sita na wa saba, kila mmoja akaupima kwa karatasi yake. "Kila ubao na sifuri yake," alikuwa akijisemea, asije akasahau.

Ulibaki wa Tumpe. Nusu iliyoharibika haikuwa na dawa.

"Ikate," bibi akasema. "Hiyo iliyobaki iandike jina lake tu. Mwenyewe mfupi."

Jumamosi watoto wakapokea vibao vyao mbele ya ukoo, wakavipanga mezani vionekane. Sita virefu, kimoja kifupi. Tumpe, aliyekuwa bado anaishi chumba cha kupanga, akakikumbatia chake. Shemeji mmoja hakuweza kuuzuia ulimi.

"Tumpe kapewa kipande, mlango wenyewe hana. Asegelile alipokuwa na umri wake alikuwa ameshaezeka nyumba ya bati."

Watu wakacheka. Bibi Subilaga akangoja wamalize.

"Asegelile nilimwanza baba yake ana nguvu na zizi limejaa," akasema. "Tumpe nilimwanza zizi tupu, baba yake kitandani, na shule aliiacha ili amwogeshe. Mnampima mtoto wangu kutoka juu ya uso wa kaka yake, halafu mnashangaa hamwoni alichofanya. Fundi wa vibao kanifundisha."

Akakichukua kile kibao kifupi kutoka mikononi mwa binti yake, akakiweka mezani juu ya vingine vyote.

"Kila ubao na sifuri yake."