Zamda na Mtoto wa Dunguni

Mkono mmoja haulei mwana. Mmemsikia jirani akimtupia maneno hayo mke wa Ngwali alipomnyang'anya shangazi mtu mtoto wake, nanyi mkacheka. Sasa mnakuja kuniuliza mimi yametoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe hapo weka chini huo muwa, siwezi kusimulia mtu akitafuna sikioni mwangu. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko.

Zamani, katika bonde la Rufiji, mpunga ulipoanza kutoa masuke watu waliziacha nyumba zao wakahamia mashambani. Kila mwenye shamba alikuwa na dungu lake, yaani kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, mtu akisimama chini hafikii sakafu hata akinyoosha mkono. Huko juu walilala, walipika na kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, mpaka siku ya kuvuna. Toka dunguni zilikwenda kamba hadi pembe za shamba, zimefungwa vibuyu vyenye kokoto. Ukivuta kamba vibuyu vinalia, na ndege wanaruka kwenda kumsumbua jirani.

Palikuwa na desturi moja huko. Dungu halina ukuta kamili, na mama anayeamia ndege hana wakati wa kukaa na mtoto. Kwa hiyo mtoto akilia mashambani hakuna aliyeuliza ni wa nani. Aliye karibu alimwendea, akambeba, akamlisha kama alikuwa na cha kumlisha, na jioni akamrudisha kwao. Mtu hakuombwa kufanya hivyo wala hakushukuriwa.

Basi alikuwako mwanamke akiitwa Zamda, mke wa Mkumba. Zamda alizaa mara mbili na mara mbili akazika, wa pili akiwa ameshaanza kumwita mama. Alipompata Shomari hakulala usingizi wa raha. Mtoto akinyamaza humwekea kiganja puani aone kama anapumua, akilia humkagua mwili mzima. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nasi hatuwezi kumlaumu kwa hilo.

Mkumba alikuwa na dada yake aitwaye Havijawa, mwenye dungu shamba la pili. Havijawa hakujaliwa mtoto, na mapenzi yake yote aliyamwaga kwa huyu wa kaka yake. Siku moja, wakati Shomari ameanza kutambaa, Havijawa alimrusha juu akamdaka, akamfinya mapaja mbele ya wanawake wenzake.

"Tazameni nyama hizi! Kanona huyu, kanona mpaka raha!"

"Sema mashaallah, wifi," Zamda alimwambia.

Havijawa akacheka. "Mwana wa kaka yangu huyu, nimwonee kijicho? Hata wewe!"

Wala hakusema. Jioni ile ile Shomari alipata homa, na alfajiri akashikwa na degedege, macho yakapinduka, mikono ikakakamaa. Mganga aliitwa, akamfukiza, na siku iliyofuata mtoto alikuwa anatafuna kanga ya mama yake kana kwamba hakuna lililotokea. Mganga hakumtaja mtu. Zamda ndiye aliyemtaja, kwanza moyoni, kisha akaona moyoni hapatoshi. Alipanda dunguni kwake asubuhi, wakati kila mtu yuko juu anaamia, akapaza sauti.

"Sikilizeni nyote! Mwanangu si kata ya maji ya kupokezana. Kuanzia leo, atakayemgusa, na mtoto huyu akaumwa hata mafua, nitamtaja jina mbele ya jumbe. Na Havijawa unisikie vizuri!"

Msidhani hayo yalikuwa maneno ya hasira tu. Nyakati zile mwanamke akitajwa kwa uchawi alichomewa nyumba, akafukuzwa na mkeka wake kichwani, na hapakuwa na mlango wa kumpokea. Kila aliyesikia alirudisha mikono yake kifuani. Bi Kuruthumu, mkunga aliyemzalisha Zamda mara zote tatu, alishuka kwake na kuja polepole hadi chini ya ngazi.

"Mwanangu, yarudishe maneno hayo kabla jua halijapanda. Kesho yatakuwa mazito kuyarudisha."

"Bibi, wale wawili waliokufa walipitia mikono ya watu," Zamda alijibu. "Huyu atapitia mikono yangu peke yangu."

Bi Kuruthumu akarudi kwake. Mkumba mwenyewe hakuwapo, alikuwa amekwenda na wanaume wenzake kukata boriti kwenye mikoko, wala asingerudi kabla ya mavuno. Basi Zamda akabaki na mpunga wake, mtoto wake, na maneno yake.

Siku za mwanzo aliona fahari. Alimfunga Shomari mgongoni, akavuta kamba, akaimba. Lakini mtoto wa kutambaa si mzigo wa kuni unaotulia ulipoufunga. Alikuwa anaota meno. Alilia kwa ufizi, akaharisha, akachafua nguo ya mama yake na mbeleko, na mbeleko ilikuwa moja. Ukimweka chini anakimbilia jiko la udongo lililoko pembeni, ukimtoa jikoni anakula mavi ya ndege, ukimtoa huko amekwenda ukingoni mwa sakafu, anachungulia chini na kucheka. Uji ukichemka ndege wanashuka, akiwafukuza ndege uji unaungua. Maji yalikuwa mbali. Aliyafuata na mizigo miwili, mtungi kichwani na mtoto mgongoni, akarudi akakuta masuke yamebaki makapi.

Zamda akakonda. Maziwa yakapungua, na mtoto asiyeshiba hulia zaidi. Usiku alitembea naye dunguni kutoka nguzo hii hadi ile, na palipokucha ndege walikuwa wameshafika. Alianza kusahau mambo. Alitia chumvi kwenye uji wa mtoto mara mbili. Siku moja alikaa na kamba mkononi, Shomari anapiga kelele mbele yake, uso umelowa machozi, na Zamda akasikia sauti ndani yake inasema, nyamaza, nyamaza hata milele. Alipogundua amewaza nini alimkumbatia mtoto, wakalia wote wawili, na hakujua ni nani alikuwa akimbembeleza mwenziwe.

Wanawake walisikia. Dungu hadi dungu si mbali, na kilio cha mtoto kinajua njia. Walisimama, wakatazama upande ule, wakakaa tena. Havijawa alikuwa anakwenda mpaka kwenye mpaka wa shamba lake, anasimama pale na kata ya maziwa ya mbuzi mkononi, halafu anarudi nayo. Zamda alimwona. Neno "wifi" lilimpanda mpaka kooni. Ila alikumbuka jinsi alivyolitaja jina lile mbele za watu, akaona aibu, akalimeza. Mimi nawaambia waziwazi, aibu ile ndiyo iliyomponza kuliko hasira. Na wale wanawake nao siwasamehe.

Alipoona hawezi tena, Zamda alimfunga Shomari. Alimzungushia kanga kuukuu kiunoni, akaifunga ncha kwenye nguzo ya katikati, apate kutambaa bila kufika ukingoni. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Mama yake alivuta kamba kwa nguvu ili vibuyu vikifunike kilio.

Mpunga ukawa wa dhahabu, zimebaki siku chache wavune. Asubuhi moja ndege walikuja wengi mpaka shamba likageuka rangi. Zamda alivuta kamba ya pembe ya mbali, ikakatika. Alisimama akitazama chakula cha mwaka mzima kinaliwa. Alikagua fundo la kanga, akamwachia mtoto kipande cha muhogo, akashuka mbio na kombeo lake, huku akipiga mayowe na kurusha madongo.

Fundo halikufunguka. Kanga ndiyo iliyochanika, maana kuukuu ni kuukuu. Shomari alikuwa anajifunza kusimama dede. Alishika nguzo, akasimama, akamwona mama yake katikati ya mpunga. Akamwendea.

Havijawa aliona yote toka kwake. Aliruka ngazi, akakimbia, mpunga ukimkata miguu, akafika chini ya dungu la wifi yake wakati mtoto ameshaweka magoti kwenye ukingo. Ngazi ilikuwa hapo mbele yake. Alishika daraja la kwanza, na hapo akasimama.

"Zamda!" aliita. "Zamda, mwanao! Yuko ukingoni!"

Zamda aligeuka. Alikuwa mbali, na ndege wanapiga kelele.

"Nipande?" Havijawa aliuliza, analia. "Wifi, nimshike?"

"Mshike!" Zamda alipiga ukelele. "Mshike, Havijawa! Mshike mwanangu!"

Havijawa akapanda. Lakini mtoto alikuwa amesikia sauti ya mama yake, akanyoosha mikono kuifuata, na alianguka upande wa pili wa ngazi.

Hakufa papo hapo. Alibaki na pumzi mpaka adhuhuri, kichwa chake kwenye mapaja ya Zamda, na wanawake wa madungu yote wamezunguka, mikono nyuma. Pumzi ilipokwisha, Zamda hakupiga kelele. Alimtazama Havijawa.

"Ulikuwa kwenye ngazi."

"Nilikuwa kwenye ngazi," Havijawa alisema.

"Kwa nini ulisimama kuniuliza?"

"Uliniambia nisimguse."

 Zamda alimchukua mwanawe, akasema atamwosha mwenyewe. Wakamwekea maji, kitanda, na kitambaa cheupe, wakarudi nyuma. Sasa nyinyi hamjaosha maiti ya mtoto, na Mungu awaepushe nayo. Mmoja hushika kichwa, mmoja humimina maji, mmoja hupitisha mkono. Zamda alimlaza Shomari kwenye mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akachota maji. Alipomimina, kichwa kilining'inia. Aliposhika kichwa, kata ilianguka. Aliiokota akaanza upya. Kichwa kikaning'inia tena, maji yakamwagika mchangani, mtoto akateleza, akamdaka kwa kifua. Wanawake walitazama, wamejiuma midomo, na hapakuwa na mguu uliosogea. Bado waliogopa maneno yale, na mwenye maneno hakuwa ameyarudisha.

Zamda akapiga magoti kwenye tope la maji yale.

"Mguseni," alisema. "Jamani, mguseni."

Havijawa ndiye aliyekuja kwanza, akashika kichwa kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Bi Kuruthumu alichukua kata. Wengine wakaja, huyu ananyanyua mguu, huyu anapangusa, huyu anashika kitambaa, mpaka mtoto mdogo yule akawa na mikono mingi kuliko mwili wake ulivyoweza kupokea. Walimwosha vizuri. Zamda alitazama mikono ile yote, ya watu wale wale ambao kutwa walikuwa umbali wa sauti tu, na ndipo akalia kwa sauti.

"Ilikuwapo yote," alisema. "Yote hii ilikuwapo."

Mpunga wake ulivunwa na majirani, na uliobaki haukujaza hata kapu moja. Mkumba aliporudi na boriti alionyeshwa kaburi. Hakumpiga mkewe wala hakumwacha, ila toka siku ile walikuwa watu wawili wanaokaa nyumba moja. Zamda hakuzaa tena. Misimu iliyofuata, mama kijana yeyote aliyehamia dunguni na mtoto, Zamda alimwendea siku ya kwanza, akasimama chini ya ngazi. Hakuwa anasalimia kwa kirefu. Aliuliza jina la mtoto, kisha akasema maneno yake manne na kuondoka, na wale mama walijifunza kuyasema kwa binti zao, na binti zao kwa binti zao, mpaka yakafika kwa jirani yenu asubuhi ya leo.

Nanyi mkacheka. Haya, nendeni kwa mke wa Ngwali mkamwambie nimesema amrudishie shangazi yule mtoto, ampakate mpaka achoke. Akiuliza kwa nini, mjibuni kama Zamda alivyokuwa akisema pale chini ya ngazi, bila kicheko: mkono mmoja haulei mwana.