Bunduki Isiyokwama ya Koplo Nakijwa

Hapo zamani, si zile za fisi kuposa binti wa mfalme, bali zamani za juzi tu, enzi za muhuri wa mpira na nakala tatu, palikuwa na wilaya iitwayo Kwesunga. Wilaya hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho wilaya hutakiwa kuwa nacho: bendera, ofisi, na barabara moja mbaya. Barabara ilianzia makao makuu, ikapita mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, ikavuka mto kwenye kivuko cha mawe, ikapanda mpaka zahanati ya Mlembule. Kila Jumatatu gari la chanjo lilipita humo. Majambazi nao walikuwa humo. Walitaka gari, walitaka matairi, walitaka dizeli. Chanjo waliimwaga tu.

Askari wa kulinda gari hilo alikuwa Koplo Mzirai, na silaha yake ilikuwa bunduki ndefu, mabaki ya vita ambavyo hakuna ofisini aliyekumbuka nani alivishinda. Ndani ya Landrova mtutu wake ama ulimgonga dereva sikioni ama ulinasa mlangoni. Siku ilipohitajika ilipiga mara mbili, ikakwama. Walimkuta Mzirai amekaa kwenye kiti chake, kidole bado kipo kwenye kifyatulio, na ganda la risasi limebanwa kwenye tundu la kutemea maganda kama mfupa kooni.

Kiti hicho akapewa Koplo Nakijwa. Barua ya uteuzi ilimpongeza. Ilikosea jina lake mara mbili, ila tarehe ya kuanza kazi ilikuwa sahihi kabisa.

Tangu siku hiyo Nakijwa hakuwa na amani. Aliosha vyombo akiwaza ganda la risasi. Alisuka nywele za dada yake akiwaza ganda la risasi. Hakuogopa majambazi kama alivyoogopa kimya kile, kile cha mtu anayebana kifyatulio na kusiwe na jibu. Akaiambia ofisi kwamba hataki nyongeza, hataki kofia mpya, anataka kitu kimoja: bunduki isiyokwama.

Ofisi ilimsikia, na ofisi inapomsikia mtu huunda kamati. Mwenyekiti akawa Bwana Chambuso, aliyekuwa pia mwenyekiti wa kamati ya maua ya bustani. Kamati ilikaa mara nne na kuamua mambo mawili, yote ya busara. La kwanza, bunduki iwe fupi, igeuke ndani ya gari bila kumtoboa dereva jicho. La pili, iwe inakula risasi za bastola, kwa kuwa stoo haikuwa na risasi za aina nyingine. Za bastola zilikuwapo mia tatu. Ombi la risasi zaidi lilikwishapelekwa, na jibu lilikwisharudi: ombi limepokelewa, liletwe tena mwakani.

Basi wauzaji wakaleta bunduki tatu za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nyepesi, kitako chake kikikunjwa kama mwavuli, na chini ya mtutu ilikuwa na tochi. Ya pili ilikuwa ya kijivu, imetulia, haina makuu. Ya tatu ilikuwa chuma kizito chenye kitako cha mbao, rangi imebanduka, ukiitazama haraka utasema ni kipande cha bomba la maji kilichotiwa mpini.

Dereva wa gari la chanjo, Mzee Shemdoe, alizizunguka mara moja mikono ikiwa mgongoni. Alikuwa ameendesha barabara ile miaka kumi na tisa na kuzika magari matatu.

"Mwanangu," akamwambia Nakijwa kwa sauti ya chini, "omba ile mbaya. Hata ikikwama utaweza kumpiga nayo mtu kichwani."

"Baba, usinitanie."

"Sikutanii. Mimi ndiye nitakayekaa ubavuni pako."

Jaribio lilifanyika kwenye uwanja wa mpira wa ofisi. Wauzaji walitandika mkeka. Wakazitoa bunduki zao, wakazifuta, wakazitia mafuta mpaka zikang'aa kama watoto wa Idi. Fundi wa silaha, Fundi Mbonea, mtu mrefu asiyezungumza na watu ila na vyuma, akapiga ya kwanza risasi thelathini: haikukwama. Akapiga ya pili thelathini: haikukwama. Akapiga ya tatu thelathini: haikukwama. Kamati ikapiga makofi, ikanywa chai. Katibu akaandika kwamba bunduki zote zinaaminika kwa kiwango kimoja, na Mwenyekiti akapendekeza ile yenye tochi, maana itapendeza kwenye gwaride.

Hapo Nakijwa akanyoosha mkono. Akasema kwamba barabara ya Mlembule haina mkeka. Akasema vumbi lake huingia kwenye saa, huingia kwenye meno, huingia kwenye chakula kilichofunikwa. Akaomba bunduki zote tatu zipakiwe kwenye Landrova, ziende na kurudi barabara ile, kisha zipigwe hivyo hivyo na vumbi lake, bila kufutwa.

Mtunza stoo, Bwana Kalaghe, akakumbusha kwamba risasi zilizobaki ni mia mbili na kumi tu, na kwamba risasi iliyopigwa haina njia ya kurudi. Mwenyekiti akatazama saa yake. Fundi Mbonea ndiye aliyemtetea Nakijwa, kwa sentensi yake ya kwanza ya wiki hiyo: alichokipima siku ile kilikuwa mafuta, hakikuwa bunduki.

Zikapelekwa. Zikarudi nyekundu kama matofali.

Fundi akapiga ya kwanza. Risasi ya nane ikakwama. Akaifungua, akaendelea, ikakwama, akaendelea, ikakwama. Tochi iliwaka muda wote. Akapiga ya pili. Ilikwenda vizuri mpaka watu wakaanza kupumua, na ya ishirini na moja ikakwama. Akapiga ya tatu, lile bomba la maji, na bomba likatema thelathini zote, vumbi likiruka kwa kila risasi kama koti linalokung'utwa. Risasi tisini nyingine zikawa zimekwenda.

Nakijwa alitaka kuichukua hapo hapo. Fundi akakataa kuiachia. Alikwishaona bunduki inayomaliza magazini moja, kikasha kizima cha risasi, na kukwama kwenye ya pili, akasema, na Mzirai alikuwa rafiki yake. Akaimwagia bunduki mchanga. Akapiga thelathini. Akaichovya kwenye ndoo ya maji. Akapiga thelathini. Kisha akaifuta kwa shati lake na kumkabidhi.

"Hii hapa," akasema. "Hii haitakuacha."

Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu barua ya uteuzi, Nakijwa alilala mpaka asubuhi.

Jumatatu akaenda stoo kuchukua risasi. Zilizobaki zilikuwa sitini. Bwana Kalaghe akahesabu thelathini, akazisukuma mezani, akafunga kabati. Nakijwa akabaki amesimama.

"Nyingine, mjomba?"

"Nyingine ni za stoo."

"Stoo inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, ndiyo maana inafuatwa." Akavua miwani. Akamweleza kwa upole kwamba kanuni inataka nusu ya risasi zibaki, na kanuni hiyo haikutungwa na mlevi. Miaka mitatu nyuma kituo cha jirani kilitoa risasi zake zote kwa doria. Majambazi wakajua, watu hujua, wakaingia stoo saa nne asubuhi na kubeba bunduki kumi na mbili. "Hizo bunduki, mama, ndizo zinazokusubiri huko barabarani. Unataka niwaongezee?"

Nakijwa akasaini nakala tatu, akaondoka na magazini moja.

Jumatatu ya kwanza wakaenda, wakarudi. Jumatatu ya pili wakaenda, wakarudi. Mzee Shemdoe akaanza kulisalimia bomba la maji kila asubuhi, akiliita shemeji.

Jumatatu ya tatu, saa nne kasoro, walikuta magogo mawili yamelazwa kwenye kivuko cha mawe. Nyuma yao mti ukaanguka. Watu sita wakatoka kwenye mkonge, bunduki mikononi, wakawaamuru washuke.

Kanuni ya askari wa ulinzi inasema: kabla ya kumlenga mtu, onya mara tatu hewani. Nakijwa alikuwa ameikariri kama sala. Mikono yake ilifanya kabla ya kichwa chake kuuliza. Moja hewani. Mbili hewani. Tatu hewani. Majambazi wakaingia nyuma ya mawe, na kutoka huko wakaanza kupiga.

Zikabaki ishirini na saba.

Mzee Shemdoe akasema atasogeza magogo, Koplo amkinge kwa risasi. Nakijwa akamkataza. Mzee akafungua mlango. Nakijwa akatoa mtutu dirishani, ukageuka bila kunasa popote, akapiga pale alipoona kofia, na bunduki ikajibu. Kila ilipojibu, mawe yalinyamaza, na mzee akasukuma. Akapiga, ikajibu, mzee akasukuma. Gogo la kwanza likabingirika mtoni. Akapiga, ikajibu. Hofu yake yote ya miezi ile ilikuwa imejikunja ndani ya kidole kimoja ikingoja ganda linase, na ganda halikunasa. Mzee akaliinamia gogo la pili, akaliinua upande mmoja, akasukuma.

Kisha pakawa kimya. Nakijwa akadhani imekwama. Akatazama: haikuwa imekwama. Ilikuwa safi, wazi, tayari kabisa, na tupu.

Nyuma ya mawe nao wakakisikia kimya kile. Mmoja akainuka bila haraka, akapiga mara moja. Mzee Shemdoe akalilalia gogo, na kwa uzito wake likamalizia kubingirika.

Nakijwa alimburuta, akampakia, akaendesha mwenyewe huku risasi zikigonga bati la nyuma. Chanjo ilifika Mlembule ikiwa bado ya baridi. Mzee Shemdoe alifika akiwa hai. Alimuuliza Nakijwa kama shemeji alikwama. Akamjibu kwamba hakukwama. Mzee akasema ni vizuri, na hakusema tena kitu kingine.

Kamati ilikutana kwa huzuni na chai. Fundi aliikagua bunduki na kuandika kwamba haina kasoro. Mwenyekiti akaomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba kamati ilichagua vyema. Kisha akatoa fomu ya kifo kazini, inayojazwa na askari aliyekuwapo. Sehemu ya tano iliuliza: jina la mtumishi ambaye kosa lake lilisababisha kifo. Jina moja, kwa herufi kubwa. Atakayeandikwa huachishwa kazi siku hiyo hiyo. Na chini yake, kwa maandishi madogo: sehemu hii ikiachwa wazi, itahesabiwa kwamba marehemu alijisababishia mwenyewe.

Nakijwa akaenda na fomu ile karakana. Akamkuta Fundi Mbonea, na Bwana Kalaghe alikuwa amemtangulia. Wote wawili walijua sehemu ya tano inasema nini.

Bwana Kalaghe akaanza. "Mimi nilibakiza thelathini, na hapa nyumbani hakuna aliyeuawa. Ningetoa zote, leo ungekuwa unalilia ofisi nzima. Aliyechoma mia mbili na arobaini kwenye uwanja wa mpira simjui mimi?"

"Nilizichoma," akasema Fundi, "kwa sababu huyu aliniomba bunduki isiyokwama, na hakuna njia nyingine ya kuijua. Bila jaribio la vumbi angepewa ile ya tochi. Ingepiga saba, na leo tungezika wawili. Zile sitini za mwisho naungama, hakuniomba. Lakini risasi ziko kabatini kwako mpaka sasa. Nazisikia zikicheka."

"Kanuni, Fundi."

"Kanuni ilimuua nani?"

Bwana Kalaghe akamgeukia Nakijwa, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali. "Tatu zilikwenda mbinguni, mama. Gogo la pili lilibakiza kusukumwa mara ngapi?"

Nakijwa alikwishahesabu. Alikuwa akihesabu tangu Mlembule. Mara mbili, pengine tatu. Angezilenga tatu zile kwa watu, mzee angekuwa ameshapanda garini. Lakini angemuua mtu bila kumwonya, na wale sita, kabla hajaonya, hawakuwa wamepiga hata risasi moja. Na jaribio la vumbi nani aliliomba? Yeye. Na asingeliomba?

Akakaa kwenye sanduku la vyuma, akaweka fomu gotini, akafungua kalamu. Sehemu ya kwanza aliijaza. Ya pili, ya tatu, ya nne, akazijaza. Nje mjane wa Mzee Shemdoe alikuwa amefika, amekaa kwenye benchi la wageni, akingoja kusomewa kilichoandikwa.

Sasa ninyi mlionisikiliza, kalamu ni yenu. Kuna Fundi aliyezimaliza risasi ili bunduki iaminike, kuna Mtunza stoo aliyezifungia ili stoo isivamiwe, kuna Koplo aliyezipeleka hewani kwa kutii. Wako wanaotaka kuniambia Mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye anayesaini fomu, na anasema hatasaini yenye jina lake. Wazi haiachwi, maana wazi ni jina la marehemu. Mjane yuko mlangoni.

Je, Nakijwa amwandike nani?