Mkono Juu ya Boneti

Naapa mbele ya madhabahu hii, na mbele ya mke wangu aliyekaa pale, ambaye anajua nikidanganya sikio langu la kushoto linawasha: kila neno nitakalosema asubuhi hii ni kweli tupu. Kama nimeongeza chumvi hata ya ncha ya kidole, bati hili litoboke hapa hapa juu ya kichwa changu, na mawingu mnayaona yalivyo. Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu, na siku niliyoacha mwalimu mkuu alilia mpaka akafunga shule siku mbili. Lakini nimehubiri mikoa kumi na tisa, nimeona watu wa kila namna, na mtu mwenye hofu kama huyu ninayetaka kuwaambia sijawahi kumwona. Aliponisimulia, mimi huyu ambaye fisi akinikuta njiani ndiye anayepisha, nilishindwa kula siku tatu.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mbao. Mji sitautaja, miji ya mbao iko mingi. Kazi yake ilikuwa kukagua. Lori likishusha mzigo, anapita mbao moja moja, mkononi ana chaki nyekundu. Anatafuta fundo, anatafuta ufa, anatafuta mahali mdudu alipokula. Akiona fundo moja tu, anachora mstari mwekundu, ile mbao inatupwa pembeni, na mwenye nayo hata apige magoti hasikilizwi. Watu wa mji ule waliiogopa ile chaki kuliko polisi. Na yeye alijisifu. Alisema, "Jicho langu halisamehe."

Sasa huyu mtu akatamani gari la wakubwa. V8, jeusi, lile linalopita mpaka mbuzi wanasimama kuliheshimu. Kulinunua hawezi. Akasikia ziko kampuni zinakukodisha gari miaka mitatu, unalipa kila mwezi, muda ukiisha unalirudisha. Akaomba karatasi za kampuni tatu. Akazipanga juu ya rundo la mbao akaanza kuzikagua, na wafanyakazi wake wamemzunguka kama wanaangalia mpira.

Ya kwanza, malipo madogo lakini matengenezo juu yako. Akachora mstari mwekundu. Ya pili, matengenezo juu yao lakini hutakiwi kuvuka mkoa. Mstari mwekundu. Ya tatu akaipenda. Malipo ya kati, unakwenda popote, kilometa laki moja na ishirini, matengenezo juu yao. Akampigia simu dada wa ile kampuni. Yule dada akamwambia, "Mzee wangu, kabla hujasaini, soma ukurasa wa nane. Usome wote."

Akamjibu, "Dada, mimi nakagua mbao elfu mbili kwa siku. Karatasi yako itanishinda?"

Akafungua ukurasa wa nane. Mstari wa kwanza umeandikwa kwamba siku ya kurudishwa, gari litakaguliwa.

Hapo hapo akaufunga. Jamani, si mnajua kwa nini? Lile neno kukaguliwa yeye alilijua kwa namna moja tu. Aliona mtu anazunguka lile gari na chaki nyekundu. Aliona mkwaruzo mmoja, mstari mmoja, na gari zima limekuwa lake, alilipe mpaka wajukuu wa wajukuu zake. Akasaini hivyo hivyo.

Gari likaja. Nawaambia lilikuwa jeusi hata nzi akitua anateleza. Basi hapo ndipo raha ingeanza, au siyo? Hofu ndiyo ilianza. Akajenga banda la bati kwa ajili ya gari. Mama yake mzazi alipotaka kupanda, akaambiwa avue viatu, na miguu ioshwe, na akae juu ya gunia. Yule mama akasema, "Mwanangu, mimi nilikubeba bila gunia," akaenda kwa miguu. Kuku aliyepanda juu ya boneti alikuwa kwenye sufuria kabla ya saa sita. Mke wake akawa anatoka sokoni na ndoo kichwani anapita pembeni ya V8 kama anapita pembeni ya kaburi.

Alikuwa na jirani, fundi cherehani. Ua mmoja tu unawatenganisha. Maisha yake yote huyu fundi ni cherehani na pasi ya mkaa, mtu mpole. Mwenye gari akamwita amshonee makava ya viti, na juu ya makava akamwambia ashone makava mengine.

Fundi akacheka. "Bosi, hivi viti vinavaa kuliko watoto wangu."

"Shona tu, fundi. Wewe hujui siku ya kukaguliwa."

"Mimi nakaguliwa kila siku na mke wangu, nimezoea."

Fundi alikuwa amekaa na mke wake miaka tisa hawajapata mtoto. Wale aliowaita watoto wangu ni wa dada yake marehemu. Mwaka wa pili wa lile gari, mke wake akashika mimba. Mnajua furaha ya nyumba iliyosubiri miaka tisa? Yule fundi alishona nguo za mtoto mpaka za darasa la kwanza.

Siku zikatimia, ni mwezi wa Machi, mvua kama hii inayotaka kuja. Saa tatu asubuhi. Mwenye gari alikuwa bandani. Kila asubuhi aliliwasha kidogo, linanguruma robo saa, halafu analizima, analifuta, basi. Ametoka tu kulizima, funguo ziko mfukoni, na mvua inapiga bati. Fundi huyo, peku, matope mpaka magotini.

"Kaka, nisaidie. Mke wangu uchungu umemshika vibaya. Damu inatoka. Nesi wa zahanati kasema tukimbie hospitali ya wilaya, yeye hamuwezi."

Nawauliza ninyi. Hospitali iko kilometa kumi na nane. Gari liko hapo. Wewe ungesema nini? Usinijibu haraka. Huyu mtu si muuaji. Lakini alisikia neno moja tu katika maneno yote ya fundi. Alisikia damu. Akaona kile kiti cha nyuma. Akaiona chaki.

Akasema, "Fundi, gari bovu. Tangu jana haliwaki. Betri imekufa."

Fundi akasogea, akaegemea lile gari kwa mkono mmoja ili avute pumzi. "Tulisukume, kaka. Niite watu wanne. Watano. Nitasukuma hata peke yangu."

"Hili halisukumwi likawaka. Si kama magari ya zamani."

Mkono wa fundi umebaki pale pale juu ya boneti. Halafu akasema, "Basi pole, kaka," akaondoka anakimbia.

Akampa pole yeye. Mnasikia?

Walipata pikipiki. Mama mjamzito katikati, mume nyuma amemshika, njia yote utelezi. Walianguka mara mbili. Walifika saa sita kasoro. Mama alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia.

Mwenye gari alikwenda msibani. Alikwenda kwa miguu, kwa sababu alishasema gari ni bovu, na siku kumi na nne akaacha hata kuliwasha asubuhi wasije wakasikia. Na wiki iliyofuata fundi na mkewe wakaja na ndoo ya viazi kumshukuru kwa kufika msibani. Mke wa fundi, bado anatembea kwa kushika ukuta, akasema, "Na gari, shemeji, limepona?" Akajibu bado. Mke wa fundi akasema, "Pole sana, shemeji."

Vile viazi havikupikwa. Vilioza kwenye ndoo.

Miaka mitatu ikaisha. Akalipeleka gari mjini kule kwa wenyewe. Alisafiri polepole, baiskeli zilikuwa zinampita. Usiku alilala chini ya gari, siyo ndani. Akafika uwanjani kwao, na aliyetoka kukagua ni yule dada wa simu, mwanamke wa makamo na miwani, mkataba na karatasi moja mkononi. Hana chaki. Akazunguka mara moja. Akafungua milango. Akaangalia kilometa. Dakika kumi, kamaliza.

"Mzee wangu, hili gari ulilifanya nini?"

Jamaa akainama kuangalia milango. "Kuna mkwaruzo?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana nauliza. Kilometa elfu tatu kwa miaka mitatu. Ulilipia laki na ishirini. Wenzako wanaleta limetembea mpaka limechoka, na sisi tunafurahi."

"Na ungeuona mkwaruzo?"

"Ningeandika hapa, uchakavu wa kawaida, nikaendelea."

"Kawaida ndiyo nini?"

Yule dada akamtazama, akaufungua ule mkataba, ukurasa wa nane, mstari wa pili, ule aliokuwa hajaufikia. Akamsomea. Mikwaruzo midogo. Matope. Madoa ya viti. Mtoto kutapika. "Mwezi uliopita," akasema, "kuna mteja alimbeba mama wa watu, akajifungulia kiti cha nyuma. Tuliosha. Nikaandika kawaida."

"Akalipishwa kiasi gani?"

"Alipishwe nini tena, mzee? Hayo yote yamo kwenye malipo yako ya kila mwezi. Ulishayalipia tangu siku ya kwanza."

Mtu yule akakaa chini, pale pale kwenye changarawe, na suti yake. Dada wa watu akadhani ni sukari imeshuka, akamletea soda. Hakuinywa.

Sasa ndugu zangu, tuache gari. Tuongee sisi.

Sisi tumekodishiwa. Hii mikono, hii nyumba yenye chumba cha wageni ambamo hajawahi kulala mgeni, hizi nguvu, hii sauti yangu inayosikika mpaka wilaya ya pili, hakuna aliyeinunua. Iko siku ya kurudisha. Na sisi wote hapa tumefika mstari wa kwanza wa ukurasa wa nane, kwamba tutakaguliwa, na tukaufunga kwa hofu. Kwa nini? Kwa sababu tunadhani Mungu anakagua kama sisi tunavyokagua. Tumetembea na chaki nyekundu maisha yetu yote. Yule ana fundo, tupa. Huyu ana ufa, tupa. Halafu tukamwona akilini mwetu Mungu ameishika chaki ile ile, tukaanza kujifunika makava juu ya makava. Usinishike, nitachafuka. Usiniombe, nitapungukiwa. Usilie begani kwangu, shati ni jipya.

Na madoa yale yalishalipiwa. Yalilipiwa tangu siku ya kwanza, na kwa damu isiyokuwa yako wala yangu. Hapo mseme amina.

Lakini msiseme amina haraka, maana mimi hapo ndipo ninapoogopa. Zamani nilikuwa naogopa kurudishwa mbele zake na madoa yangu. Sasa naogopa kufika msafi. Naogopa aniangalie, anizunguke mara moja, aniulize, "Kilometa elfu tatu tu? Nilikupa laki na ishirini. Ulimbeba nani?" Na mimi nimjibu nini? Nimjibu kiti hakina doa? Wewe utamjibu nini? Wewe mama uliyemfungia mlango mke mwenzio na mtoto anaumwa, wewe baba unayezima simu ukiona jina la kaka yako, utasema betri ilikufa?

Nimalizie. Yule mtu alinisimulia haya akiwa amekaa kwenye kiti changu, na kiti kilikuwa kinatetemeka mpaka vikombe kabatini vikawa vinagongana. Nikamwambia, fundi hajui, nenda kamwambie, utapata amani. Akanitazama. Akasema, "Mhubiri, mkono wake ulikuwa juu ya boneti."

Nikasema, kwa hiyo?

Akasema, "Nilikuwa nimelizima sasa hivi. Boneti ilikuwa ya moto. Na yule ni fundi wa pasi. Kiganja chake kinajua moto wa sasa na moto wa jana."

Miaka miwili sasa. Fundi anamsalimia kila asubuhi juu ya ua. "Umeamkaje, kaka?" Naye anaitikia, na anaangalia ule mkono. Hajui kama fundi anajua. Kama hajui, amemlisha uongo mtu aliyezika mtoto. Kama anajua, basi kwa miaka miwili fundi anamsubiri aseme. Aliniahidi ataenda Jumamosi. Jumamosi nne zimepita.

Kwa hiyo ninawaomba, na mimi siombi mara mbili, hata wafalme nawaomba mara moja: neno hili lisivuke ule mlango. Malori ya mbao yanapita hapa kila siku, na midomo yenu naijua. Ukiulizwa mhubiri leo kasema nini, sema alisema mengi, kama kawaida yake. Fundi akilisikia kutoka kwako, yule mtu hatakuwa na kitu tena cha kwenda nacho kwenye ule ua. Mwacheni abishe hodi mwenyewe. Msilirudie.