Kidari cha Mbuzi wa Mzee Mbonea

Mnataka hadithi. Maharage hayajachambuliwa, kuni mmeleta mbili kama vijiti vya meno, lakini masikio mmeyaleta yote. Haya, kaeni. Atakayesinzia simwamshi.

Huko milimani Upare palikuwa na wanawake watatu wa nyumba moja, na mtoto mmoja, Mkunde. Bibi Sifuni alijaliwa sauti. Akipiga ukunga wa Kipare, ule mwito wa hatari, ng'ambo ya bonde wanaupokea, nyumba kwa nyumba, mpaka juu kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Binti yake Eliwaza, aliyekulia mjini kwa ndugu, alijaliwa ulimi: Kiingereza alikisema na wageni wa hoteli huku akiwakaangia mayai. Na Nakijwa, mkamwana, mama yake Mkunde? Alijaliwa woga. Msicheke. Woga nao ni kipaji; mwenye nao hulala na sikio moja wazi.

Bondeni ikafunguliwa shule ya lugha mbili: asubuhi Kiswahili, mchana Kiingereza. Eliwaza akapanda mlima kumfuata mtoto.

"Jumatatu anaanza, wifi. Nafasi hazingoji."

"Anaanza nini?" Bibi Sifuni akadakia. "Wa kwako ulimpeleka shule kama hizo. Alipokuja kumzika babu yake alinisalimia kama karani wa benki. Huyu hatoki hapa!"

"Mama, Kipare kitampa kazi gani?"

"Wewe kilikubembeleza ukalala. Ulidai kazi?"

 Nakijwa mwenyewe shuleni alivishwa kibao cha aibu shingoni kwa neno moja la Kipare, na tangu siku ile hakunyoosha tena mkono darasani. Akilini alimwona mwanawe kati ya lugha mbili, hii hana, ile hana, bubu mwenye sare. Na akimzuia je? Mtoto akikua aje amuulize, "Mama, mbona ulinifungia mlango?" Afadhali tungoje, aliwaza. Mwaka mmoja tu.

Akageuka kumtazama mtoto. Hayupo.

Walizikuta kandambili zake kwenye mdomo wa kalavati, pale mfereji unapopita chini ya barabara. Mfereji ulikuwa mkavu. Ndani giza, na sauti ndogo: "Sitoki. Mpaka muache kugombana."

Nakijwa alikuwa akiinama, Bibi Sifuni akamshika bega. "Nyamazeni. Maji hayo."

Tangu enzi na enzi ndiva haifunguliwi kabla ya baragumu kulia, watu waite watoto na mbuzi watoke mferejini. Siku hiyo halikulia. Mzee Mbonea, mlinzi wa ndiva, alikuwa amenunua simu, akawatumia ujumbe wenye mashamba. Sasa niambieni, mtoto wa miaka sita, ndani ya kalavati, ana simu?

Bibi Sifuni akapanda juu ya jiwe, akapiga ukunga. Angepiga kelele za Kiswahili, watu wangedhani ni walevi wa kilabuni. Ukunga ukapokelewa, ukapanda mlima, na Mzee Mbonea akaiziba ndiva. Bila ukunga ule, maji yangekuja mpaka jioni.

Lakini yaliyokwisha kutoka hayarudi. Juu kidogo ya barabara, kwenye lango jipya la chuma la mfereji, alisimama fundi mgeni mwenye ufunguo, Kiswahili chake kimeishia "jambo". Eliwaza alikimbia viatu vikimtoka, akamfokea kwa Kiingereza cha jikoni. Mgeni akazungusha gurudumu la lango, maji yakaangukia korongoni. Bila Kiingereza kile, kalavati lingejaa pomoni.

Lakini kuna yaliyokuwa yameshapita lango. Nakijwa hakusema lugha yoyote. Aliingia kwa tumbo, matope yakimfika kidevuni, akapapasa, akapapasa, mpaka akashika kifundo cha mguu, baridi kama chura. Akavuta. Bila mkono ule, hayo machache yalitosha kuua.

Mkunde alitapika matope, kisha akalia, na mama yake akalia kumpita.

Wazee wakamtoza Mzee Mbonea mbuzi wake wa pekee, na baragumu alivae shingoni msimu mzima. "Kidari," wakasema, "ni cha aliyemwokoa mtoto. Naye ndiye atakayesema asome wapi, na asibishiwe."

"Nipeni," akasema Bibi Sifuni, "na haendi."

"Nipeni mimi," akasema Eliwaza, "na Jumatatu anaanza."

Nakijwa aliunyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena. Akikipata kidari, amepata na lawama yote. Nyuma yake Mkunde alikuwa ameshika upindo wa kanga yake.

Kisu alipewa Mzee Mbonea, mwenye kosa, akate mwenyewe nyama ya mbuzi wake. Akawatazama wanawake watatu, baragumu likimning'inia kifuani, na kisu hakikushuka. Mbuzi ana kidari kimoja.

Haya, kishike wewe hicho kisu. Ungemkatia nani?